Mapera kwa Mama Mkwe

Alhamisi, 20 Februari

Kazini tulikuwa tunaandika ripoti kila zamu ilipoisha: mashine gani imesimama, nani hakuja, mvua imejaza shimo kiasi gani. Sasa kampuni imeturudisha nyumbani tungoje mpaka biashara ya kobalti itengemae, lakini mkono wangu bado haujapata habari kwamba hakuna kazi. Basi niandike. Mvua toka alfajiri. Mashine moja imesimama: mimi.

Nyuma ya nyumba mapera yanaanguka na kuoza. Harufu yake inaingia mpaka chumbani.

Ijumaa, 21 Februari

Mke wangu Mujinga anasafiri kesho kwenda Lubumbashi. Mdogo wake, Ndaya, amejifungua kwa kupasuliwa na anahitaji mtu wa kumwogeshea mtoto. Kwa kawaida angekwenda mama yao, Mama Kapinga. Lakini Mama Kapinga ana kidonda mguuni kisichotaka kupona. Ndiyo sababu alitoka kwake Mutshatsha, na sasa anakaa kwetu katika kile chumba cha nyuma ya jikoni tunachokiita anexe. Kwa hiyo ninabaki mimi, binti yetu Tina, na mama mkwe wangu. Mungu anapenda mizaha.

Akifunga mizigo Mujinga aliniambia, "Mama atakula tu kile Tina atapika. Usimutumie bitu bingine."

"Juu ya nini?"

"Juu minasema."

Mwanamke huyu angezaliwa mwanaume angekuwa kapita, msimamizi wa mgodi mzima.

Jumapili, 23 Februari

Jirani yetu Mama Jeanne amenicheka leo hadi akashika ukuta. Nilikuwa natoka bafu ya nje nikamwona mama mkwe anakuja na fimbo yake, nikarukia kwenye sombe, majani ya muhogo yaliyolowa, ili apite. Naye akajifunika uso kwa kitambaa.

"Tata Rémy, mweye Bakasai muko na mambo," akasema Mama Jeanne. "Mama wa watu anapita, unaruka mu matope sawa mutu ameona nyoka."

"Ni heshima, mama."

"Na mukiwa na njaa, munakulaka je?"

Nikamweleza kwamba kwetu watu wa Kasai mkwe hali mbele ya mama mkwe wala mama mkwe mbele ya mkwe, hawashikani mikono, hawaangaliani usoni, na wakiwa na neno wanaambiana ukuta ukiwa katikati. Nimemwoa Mujinga miaka kumi na tisa, na uso wa mama yake siujui vizuri. Namjua kwa sauti, na kwa kikohozi anachokitoa kunionya kwamba anakuja. Mama Jeanne akasema kwao wangekuwa wameshagombana na kupatana mara mia. Nikamjibu kwamba sisi hatujawahi kugombana hata mara moja. Nilijivuna niliposema hivyo.

Jumatatu, 24 Februari

Mama Jeanne alipika zamani kwa masista. Ameyaona mapera yanavyooza akasema ni dhambi, angalau nipike konfitiri, ile ya kupaka mkate. Mapera yakatwe, yachemshwe, yachujwe mbegu, kisha sukari uzito sawa na matunda, na kukoroga bila kuchoka. Mwanaume mzima kukoroga konfitiri! Lakini nimechoka kuhesabu mabati ya paa.

Nimepika. Imetoka supu. Tina amekunywa kikombe akasema asante kwa heshima ya baba.

Alhamisi, 27 Februari

Nimepika tena. Niliacha mwiko nikaenda kusikiliza redio, na chini ikaungua. Sufuria ya Mujinga ina duara jeusi. Nimeisugua kwa mchanga, duara lipo.

Jumamosi, 1 Machi

Imekubali. Siri ni ndimu, na kutobanduka pale mbabula, jiko letu la makaa, lilipo. Tone nililoliweka kwenye sahani ya baridi lilisimama bila kutiririka. Rangi ni nyekundu ya udongo wa barabara ya Mutshatsha. Nimejaza chupa za mayonezi zilizokuwa chini ya meza, nikazipanga dirishani, nikatoka nje ili nirudi niziangalie tena.

Nikakumbuka neno la Mujinga, nikalipitia juu. Alisema bitu bingine, nikajiambia kwamba alimaanisha vyakula vya dukani. Hiki ni cha nyumbani. Nikachukua chupa moja nikaiweka kwenye kizingiti cha dirisha la anexe, nikakohoa, nikarudi nyuma ya ukuta.

Baada ya muda sauti ikaja. "Tata Rémy, ni weye mwenyewe njo unapika?"

"Ni mi, mama."

"Mu maisha yangu yote sijaona mukwe mwenye kunipikia kintu na mikono yake. Aksanti sana, tata. Aksanti."

Nimefurahi kama siku niliyopewa cheo. Toka Januari hakuna mtu aliyeniambia asante kwa kazi.

Jumatatu, 3 Machi

Chupa imerudi dirishani kwangu, imeoshwa, na ndani amejaza karanga alizokuja nazo Mutshatsha. Mkono mtupu haulambwi, na Mama Kapinga si mtu wa kurudisha chombo kikiwa kitupu. Mimi nami si mtu wa kula karanga za mkwe bure. Nimeijaza tena.

Alhamisi, 6 Machi

Chupa, karanga, chupa. Mvua usiku kucha. Tina anasema kaku, bibi yake, anakunywa maji mengi, bidoni, dumu zima la asubuhi, haifiki jioni. Nikamwambia ni joto. Tina akaangalia nje, kwenye mvua.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa niliingia bafu ya nje nikakuta sisimizi. Mstari mnene kutoka ukutani mpaka kwenye kona ya kutokea maji, ule upande anaotumia Mama, wamejaa hapo wanakunywa.

Nimeandika kwanza kwamba labda nilimwaga hapo maji ya kuoshea sufuria ya konfitiri. Nimelifuta. Maji yale ninamwaga kwenye migomba.

Ninajua sisimizi wanafuata nini. Baba yangu mdogo Kabemba alikuwa na ugonjwa wa sukari, na uani kwake kila mtu alijua kwa sababu hiyo hiyo. Lakini nifanye nini? Nisimame ukutani nimuulize mama mkwe habari za mkojo wake? Heri ardhi inimeze. Jioni Mujinga alipiga simu, akauliza Mama yuko je. Nikasema muzuri. Kisha nikachemsha maji nikawamwagia sisimizi.

Jumanne, 11 Machi

Chupa imerudi na karanga. Nimeijaza nusu tu. Nimejisikia kama mtu aliyetimiza wajibu.

Ijumaa, 14 Machi

Ameniita ukutani. "Tata, ile ya juzi ilikuwa kidogo. Mapera inaisha?"

Hapo ndipo ningeweza kusema imekwisha, na lingekuwa jambo la kawaida tu, matunda huisha. Nikaona aibu, kana kwamba amenikamata ninamnyima. "Hapana, mama. Iko." Nikajaza mpaka juu.

Nampenda huyu mama. Sikuwa najua. Sasa ananieleza kupitia ukuta jinsi marehemu mume wake alivyoletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, jinsi walivyolala kwenye kambi chumba kimoja na familia ya pili. Anacheka chinichini. Kila baada ya hadithi anaisifu konfitiri. Ninangoja sifa hizo. Niseme kweli, saa nane mchana nikiwa sina la kufanya, ninakwenda kukaa pale ukutani nizingoje.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Hakuna habari ya kazi. Chupa.

Alhamisi, 20 Machi

Ninaandika kwenye korido ya hospitali, kwa nyuma ya karatasi za Tina za shule. Nguo zangu bado zimelowa.

Asubuhi mvua ilikuwa kubwa, Tina ameshakwenda shuleni. Nilipeleka chupa dirishani nikakohoa. Kimya. Nikasema, "Mama, jambo." Kimya. Nikasogea nikasikia pumzi yake, nzito, ya mtu anayepanda mlima. Na harufu tamu, ya tunda lililopitiliza. Nikafikiri ni mapera yangu. Ilikuwa inatoka chumbani kwake.

Mlango wa anexe unafungwa kwa msumari uliopindwa. Mtoto anaweza kuusukuma. Sikuusukuma. Nilikimbia kwa Mama Jeanne nikakuta kufuli, amekwenda soko la Manika. Nyumba ya pili wanawake wote walikuwa kwenye matanga. Nikampigia Tina, simu imezimwa. Nikarudi nikasimama mlangoni, maji ya paa yananitiririka shingoni, nikawa natafuta mwanamke kwa macho katika barabara isiyokuwa na mtu.

Nilikuwa nawaza nini? Aibu tupu. Kwamba amelala, labda hana nguo. Kwamba mkwe akimwona mama mkwe hivyo, ukoo wao utalisema mpaka kwa wajukuu zangu. Chini ya paa kulikuwa na ndoo, ilikuwa na maji kidogo nilipofika. Niliiangalia ikijaa. Niliiangalia ikimwagika. Mimi niko pale tu, chupa ya konfitiri mkononi.

Kisha ndani kikaanguka kikombe, na yeye akaguna. Nikafumba macho nikaingia. Nilifumba kwelikweli, nikagonga goti kwenye kitanda. Ilibidi nifumbue. Mama Kapinga alikuwa nusu kitandani nusu chini, mdomo umekauka, macho yananitazama bila kuniona. Ana sura ya Mujinga, paji la uso lilelile na lile kovu dogo kwenye nyusi ambalo nilidhani ni la mke wangu peke yake. Kitambaa cha mguuni kilikuwa kimelowa, na chini yake vidole vimekuwa vyeusi.

Nilimfunga pagne yake ya kitenge, nikambeba mgongoni. Ni mwepesi. Taksi-moto ya kwanza, pikipiki, ilikataa. Ya pili ikakubali, nikamweka katikati nikamshika kwa nyuma, kichwa chake kwenye kifua changu, katika matope yote yale mpaka hapa.

Kimashine cha sukari hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba imepita kipimo. Muuguzi akaniuliza, "Anakulaka nini?"

"Bukari ya muhindi na majani."

"Na bitu bya sukari?"

"Sijue," nikasema. "Ni mama mukwe wangu."

Akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Alikuwa anamsema mgonjwa. Nikaangalia ukuta.

Ijumaa, 21 Machi

Yuko hai. Tina yuko naye. Nimerudi nyumbani nikachukua chupa zote zilizobaki nikazitupa chooni, moja moja. Sikutaka mtu azikute. Siwezi kusema nilifanya hivyo kwa sababu nyingine.

Jumapili, 23 Machi

Mujinga amefika kwa basi. Alinikumbatia hapo koridoni mbele ya watu, jambo asilolifanya. "Tina amenielezea. Ulimubeba weye mwenyewe. Rémy, mi nitakulipa na nini?" Akaniambia kwamba mama yake ana sukari, na kwamba alimwapisha asiniambie, kwa kuwa mambo ya mwili wa mama si ya masikio ya mkwe. "Lakini ni nani alimupatia sukari? Tina anasema alipika sawa nilimwambia."

Nilifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, pazia likatikisika na sauti ya Mama ikaja kutoka kitandani, dhaifu. "Mujinga. Usisumbue batu. Ni mi. Nilikuwa natuma mutoto wa jirani ananiletea biskuti."

Mujinga akaingia ndani akamgombeza mama yake huku analia. Mimi nikabaki upande huu wa pazia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba ni mimi, na miguu yangu ilikuwa imara kabisa. Sikusema. Nilishukuru, ndiyo, nilimshukuru yule mama kwa uongo wake.

Jumatano, 26 Machi

Wameukata mguu, chini ya goti. Daktari anasema kidonda kilikuwa cha zamani, huenda ungekatwa hata hivyo. Huenda. Nimelirudia neno hilo siku nzima kama dawa, na halifanyi kazi.

Jumamosi, 29 Machi

Mujinga ameuliza konfitiri iko wapi, Tina amemsifia. Nimesema iliharibika.

Jumanne, 8 Aprili

Mama ametoka hospitali. Watu wanapita kunipongeza. Mama Jeanne amesema hatanicheka tena. Mti umebakiza mapera machache juu kabisa, wanayala ndege. Mvua imepungua.

Jumapili, 13 Aprili

Mjomba wa Mujinga, Tata Tshiamala, amekuja kutoka Likasi kwa jambo la heshima. Nimemgusa mama mkwe, nimemwona bila kitambaa, nimembeba. Hata kama ni kwa wema, lazima lisafishwe: nitoe mbuzi, apikwe, mimi na yeye tule sahani moja mbele ya wazee, na toka hapo mwiko unaisha. Anasema akicheka kwamba ni mbuzi wa furaha, na kwamba akina mama wangapi wamepata mkwe wa namna hii.

Kwa hiyo kumgusa kuna mbuzi. Kwa lile nililomfanyia kabla ya kumgusa, nimemuuliza kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza habari za jirani: mkwe akimletea ugonjwa, je? Akafikiri. "Ile haina mbuzi," akasema. "Ile batu banaongeaka tu."

Jumatano, 16 Aprili

Sikulala. Mujinga amenigeukia akaniuliza kama ni kazi. Nikasema ndiyo, ni kazi.

Jumapili, 27 Aprili

Jua kali, hata wingu hakuna. Mbuzi alipikwa uani. Walimketisha Mama Kapinga kwenye kiti chenye mikono, pagne imefunika pale mguu unapoishia, na mimi wakaniketisha mbele yake, meza ndogo katikati. Hakuwa na kitambaa. Nilitazama mikono yangu. Tata Tshiamala akasema maneno marefu juu ya mkwe aliyetoka kwenye mvua na mama mgongoni, na watu wakaitikia. Mujinga alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu tulipooana. Hayo macho ndiyo yaliyonishinda.

Nikasema, "Mungoje. Siwezi kula."

Nikawaambia. Chupa ya kwanza, karanga, chupa nyingine. Kwamba Mujinga alinikataza, nikajifanya sikuelewa. Nilivyosimama mlangoni. Nilivyomdanganya muuguzi, nilivyozitupa chupa zilizobaki. Tina alianza kulia kabla sijamaliza. Tata Tshiamala aliinua mkono kana kwamba anafukuza nzi.

"Mukwe, mbuzi ni ya kumugusa. Hayo mambo mengine hatukuyaita hapa. Acha, chakula inapola."

"Tata, siyo mambo mengine."

Mujinga aliuliza kwa sauti ndogo, "Rémy. Ulikuwa unajua eko na sukari, ao haukujua?"

Ningeweza kusema sikujua. Mujinga mwenyewe alikuwa amenifichia, kila mtu pale angenisamehe, nadhani alikuwa ananiomba niseme hivyo.

"Nilijua," nikasema. "Hapana siku ya kwanza. Kisha nilijua, na nikaendelea kujaza."

Mujinga alisimama, akaweka bakuli la maji ya kunawa chini, akaingia ndani ya nyumba. Mlango haukubamizwa. Tina akamfuata. Nikataka kuinuka, ndipo Mama Kapinga akasema, "Ikala."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti hiyo bila ukuta. Nikakaa.

"Na mi nilijua," akasema. "Mutoto wangu alinikataza, dokita alinikataza. Kila asubuhi nilikuwa nasema, leo nitamwambia mukwe aache. Kisha ninakusikia pale inje, uko unakoroga, unaimba. Mutu mwenye hana kazi, anaimba. Nikasema, nitakataza je? Nikakula."

"Mama, ungeniambia."

"Na weye ungeniuliza." Hakuwa na hasira, na hakuwa anatania. "Mi sikutake uone haya. Weye haukutake mi nione haya. Sasa angalia."

Akaivuta pagne pembeni. Niliangalia. Hakuna aliyenikataza, na sikuweza kugeuza uso.

Akachukua kipande cha nyama kwa vidole vyake, cha ini, kile wanachopewa wageni, akakiweka upande wangu wa sahani. Wazee walikuwa wanatazama chini. Kutoka ndani ya nyumba nilisikia kabati linafunguliwa, na Mujinga anasema na Tina maneno nisiyoyapata.

"Kula, Rémy," akasema. Hajawahi kuniita jina langu tupu. "Ni mi naangalia."

Nikaweka mdomoni. Nilitafuna muda mrefu, haikutaka kushuka. Hakuondoa macho mpaka nilipomeza, kisha akaweka kipande kingine.